Peni Moja ya Poplar

Mwezi Septemba 1921 madiwani 30 wa mji wa Poplar, mashariki mwa London, walitiwa gerezani. Hawakushtakiwa kwa wizi wala kwa rushwa. Kosa lao lilikuwa kukataa kutoza sehemu ya kodi ya majengo ambayo sheria iliwataka waitoze, na kuendelea kukataa hata baada ya Mahakama Kuu kuwaamuru. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kwa ajili ya gereza lenyewe. Kinachosahaulika ni hesabu ya kodi iliyowafikisha huko, nayo ndiyo yenye uzito.

Kodi ya mitaa ya Uingereza wakati huo ilipimwa kwa pango. Kila jengo lilikadiriwa lingepangishwa kwa kiasi gani kwa mwaka, kisha baraza la mji likaamua kila pauni ya thamani hiyo ilipiwe shilingi ngapi na peni ngapi. Pauni moja ilikuwa na peni 240; kwa hiyo kiwango cha peni moja kilizaa pauni moja tu kwa kila pauni 240 za thamani ya pango. Baraza lilikuwa na uhuru wa kuchagua kiwango, lakini halikuweza kuchagua majengo. Westminster ilikuwa na maduka makubwa, hoteli na nyumba za matajiri. Poplar ilikuwa na gati, viwanda na safu za vijumba vya vibarua wa bandari. Peni ileile iliyotozwa Westminster ilileta zaidi ya mara nane ya ile iliyotozwa Poplar. Na si kwamba mzigo wa Poplar uliwaangukia wenye nyumba peke yao: mara nyingi mwenye nyumba aliilipa kodi kisha akaichanganya na pango la kila wiki, hivyo kibarua aliyekosa kazi tangu Jumatatu alikuwa mlipakodi hata kama hakuwahi kuiona hati ya madai.

Umaskini nao ulitunzwa na mtaa ulimotokea. Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro. Chini ya sheria za maskini, kila eneo liliwatunza fukara wake kwa kodi yake lenyewe, kupitia bodi ya wasimamizi wa maskini. Penye watu wengi wasio na kazi ndipo palipodaiwa fedha nyingi, na ndipo zilipopatikana chache. Tangu 1867 ulikuwapo mfuko wa pamoja wa London nzima uliosaidia kulipia gharama za maskini waliofungiwa ndani ya nyumba za kazi, ila si za wale waliosaidiwa wakiwa majumbani kwao. Maana yake ni kwamba bodi iliyomvunjia mtu nyumba yake na kumpeleka pamoja na wanawe kwenye nyumba ya kazi ilipata mkono kutoka kwa mitaa tajiri. Bodi iliyompa mjane mkate na makaa akabaki kwake ililipa yenyewe. Ni vigumu kubuni sheria yenye ukatili wa kimyakimya kuliko huo.

Chama cha Labour kiliposhinda uchaguzi wa Poplar mwaka 1919 kilichukua viti 39 kati ya 42, na George Lansbury akawa meya. Alikuwa ameketi katika bodi ya maskini tangu miaka ya 1890, na alizijua hesabu hizi kwa moyo. Baraza jipya lilianza ujenzi wa nyumba, likaweka mshahara wa pauni nne kwa wiki kuwa kima cha chini cha wafanyakazi wake, wanaume na wanawake sawasawa. Kisha biashara ikaporomoka na wasio na kazi wakaongezeka bandarini. Baraza likabaki na njia mbili za halali: kuwapandishia kodi watu walewale waliokosa kazi, au kukaza mkono kwa wenye njaa.

Tarehe 22 Machi 1921 walichagua ya tatu. Kodi iliyokusanywa Poplar haikuwa ya Poplar peke yake; ndani yake mlikuwa na fedha za vyombo vinne vya London nzima, yaani Baraza la Jimbo la London, polisi, mamlaka ya maji na bodi ya hospitali za maskini. Madiwani walipanga kiwango cha kutosha kwa mahitaji ya mji na ya maskini wake, wakaiacha sehemu ya wale wanne. Hawakudai kuwa sheria iliwaruhusu. Walitaka kuilazimisha serikali iijadili hesabu ambayo kwa miaka mingi haikutaka kuitazama.

Kesi ilipofika Mahakama Kuu tarehe 29 Julai, walikwenda kwa miguu kutoka Poplar, wakitanguliwa na bendi na mbeba siwa wa mji, huku Meya Sam March akiwa na mkufu wa cheo shingoni. Bango lao lilieleza kwamba wanakwenda mahakamani, na huenda gerezani, ili kodi za miji maskini zisawazishwe. Maonyesho hayo yalikuwa na hoja ndani yake: waliokuwa wakielekea kufungwa ndio mamlaka halali ya mji.

Wanaume walipelekwa gereza la Brixton, na wanawake watano Holloway: Susan Lawrence, Julia Scurr, Minnie Lansbury, Jennie Mackay na Nellie Cressall, ambaye alikuwa mjamzito na aliachiwa mapema. Lansbury alihutubia umati kupitia nondo za dirisha. Hatimaye baraza liliruhusiwa kufanya vikao vyake ndani ya Brixton, na madiwani wanawake wakaletwa kwa gari kutoka Holloway ili wahudhurie.

Si kila mwana-Labour aliyefurahi. Herbert Morrison, meya wa Hackney, aliona kwamba chama kinachotaka kutawala nchi hakiwezi kuifundisha nchi kuvunja sheria. Hoja hiyo haistahili kubezwa. Diwani ni mdhamini wa fedha za umma, na mji tajiri nao ungeweza kesho kugoma kuchangia maji na hospitali za wengine. Lakini Morrison hakuwa na jibu kwa swali la wakati. Barua na ujumbe wa heshima zilikuwa zimetumwa kwa miaka, na mfuko wa 1867 ulibaki vilevile. Mabaraza jirani ya Stepney na Bethnal Green yalipopiga kura kufuata mkondo wa Poplar, serikali ya Lloyd George ilikabiliwa na mashariki mazima ya London.

Tarehe 12 Oktoba waliachiwa, baada ya takriban wiki sita, bila kuahidi kutoza kodi waliyoikataa. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge lilipitisha sheria iliyouwezesha mfuko wa pamoja kubeba pia msaada wa maskini walio majumbani. Westminster ikaanza kuchangia mkate wa Poplar. Minnie Lansbury hakuufaidi ushindi huo kwa muda mrefu: alifariki kwa nimonia tarehe 1 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 32.

Mshahara wa pauni nne ulikuwa na mwisho mwingine. Mkaguzi wa hesabu aliona kuwa umezidi kiasi, akawadai madiwani pauni 5,000 kutoka mifukoni mwao, na mwaka 1925 majaji wa Nyumba ya Mabwana wakakubaliana naye. Usawa wa mshahara wa mwanamke na mwanamume ulikuwa miongoni mwa mambo waliyoyaona kuwa si busara.

Kodi iliyopimwa kwa pango iliondolewa majumbani mwaka 1990 huko England, mahali pake pakaingia tozo iliyomlipisha kila mtu mzima, tajiri na maskini. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa tozo hiyo. Kodi ya kichwa aliijua babu yake. Haikudumu. Tangu 1993 nyumba hulipiwa kwa madaraja yaliyotokana na bei za Aprili 1991, ambazo England haijazipitia upya, na Westminster imeendelea kuwa miongoni mwa maeneo yenye kiwango cha chini kabisa nchini. Gati za West India, zilizokuwa ndani ya mipaka ya Poplar, zilifungwa mwaka 1980, na baadaye pakasimama minara ya benki ya Canary Wharf. Kuanzia 1982 eneo hilo lilisamehewa kodi ya majengo kwa miaka kumi ili kuvutia wawekezaji. Kabla msamaha haujaisha, serikali kuu ilikuwa imeyanyang'anya mabaraza ya England, karibu yote, mamlaka ya kupanga kiwango cha kodi ya majengo ya biashara.