Dansi ya mistari: Ngoma isiyomwacha mzee kitini

WAHENGA walinena kuwa ngoma ya watoto haikeshi. Ngoma ya wazee, ikipangwa vyema, huweza kudumu miaka na mikaka na kumsaidia mchezaji aendelee kutembea bila kushikwa mkono.

Miongoni mwa ngoma za aina hiyo ni dansi ya mistari, mchezo uliokita mizizi katika vilabu vya wazee nchini Uingereza, Marekani na Australia. Wachezaji hujipanga safu safu, wakatazama upande mmoja na kupiga hatua zile zile kwa pamoja bila kushikana.

Sifa yake kuu ni kwamba haihitaji mwenzi. Katika dansi za wawili wawili, mjane au mgane hulazimika kuketi kando akingoja kualikwa. Na kwa kuwa wanawake kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko wanaume, kumbi za wazee huwa na wanawake wengi wasio na wa kucheza naye. Katika safu hakuna anayengoja.

Asili yake

Ingawa wengi huihusisha na wachunga ng'ombe wa Marekani, kofia zao pana na buti zao, dansi hii ina chemchemi nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Wamarekani weusi wa jiji la Columbus, jimbo la Ohio, walicheza mtindo wa Madison, ambapo watu walijipanga mstari na kufuata sauti ya mtu aliyetaja hatua.

Mnamo 1976, Ric Silver alibuni Electric Slide, dansi inayoandamana na wimbo Electric Boogie wa Marcia Griffiths, Mjamaika aliyekuwa mmoja wa waitikiaji wa Bob Marley. Kisha mwaka wa 1992 wimbo Achy Breaky Heart wa Billy Ray Cyrus ukaivumisha dansi ya mistari katika nchi nyingi.

Afrika nayo ilitoa mchango wake. Mapema mwaka wa 2020, kundi la Fenómenos do Semba la Angola lilijirekodi likicheza Jerusalema, wimbo wa Master KG na Nomcebo wa Afrika Kusini. Hatua hizo ziliigwa duniani kote, hata na wauguzi waliokuwa wakikabiliana na janga la corona. Aliyewahi kuucheza wimbo huo arusini ameshaionja dansi ya mistari.

Jinsi inavyochezwa

Hatua huhesabiwa kwa mapigo ya muziki. Dansi nyingi huwa na mapigo 32 yanayorudiwa hadi wimbo unapokoma. Mara nyingi kila mzunguko humalizika kwa kugeuka robo, hivyo baada ya mizunguko minne wachezaji huwa wameutazama kila ukuta na kurejea walikoanzia.

Hatua mojawapo ya mwanzo ni ile ambayo Waingereza huifananisha na mzabibu unaotambaa. Mguu wa kulia huenda kando, wa kushoto hupita nyuma yake, wa kulia huenda kando tena, kisha wa kushoto huufuata na kugusa sakafu.

Mwalimu huonyesha hatua polepole bila muziki kabla ya kuzichanganya na wimbo. Wanagenzi hushauriwa wasimame katikati wala wasijifiche nyuma. Safu zinapogeuka, aliyejificha nyuma hujikuta mbele ghafla, bila wa kumwiga!

Aidha, hatua za kila dansi huandikwa katika karatasi ambazo walimu wa nchi mbalimbali hushirikiana. Kwa hivyo, mzee aliyehamia mji mwingine kuishi na mwanawe huweza kuingia ukumbi wa wageni na kukuta dansi anazozijua.

Nchini Uingereza, vilabu vingi hukutana katika kumbi za makanisa au za jamii. Wanachama hulipa kiingilio kidogo cha kugharamia ukumbi, na kipindi hukatizwa kwa chai. Baadhi vimo katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu, ulioanzia Toulouse, Ufaransa, mwaka wa 1973. Licha ya jina lake, mtandao huo nchini Uingereza hautoi mitihani wala shahada.

Klabu njema hutambulika hasa mwanachama anapokosekana. Mzee anayeishi peke yake akianguka nyumbani, huenda zikapita siku kadhaa kabla ya yeyote kujua. Akiwa na wenzake wanaomtarajia kila Jumanne, kutoonekana kwake kutazua maswali na simu itapigwa. Tatizo la upweke ni zito kiasi kwamba Januari 2018 serikali ya Uingereza ilimteua waziri wa kulishughulikia.

Faida na tahadhari

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Vilevile, linawahimiza wafanye mazoezi ya nguvu na ya kudumisha mizani ya mwili angalau siku tatu kwa wiki, ili kuepuka kuanguka.

Kuhusu ubongo, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwafuatilia wazee 469 wa mtaa wa Bronx, New York. Waliocheza dansi mara kwa mara walikuwa na hatari ndogo ya kupoteza kumbukumbu. Hata hivyo, matokeo hayo hayathibitishi kwamba dansi yenyewe ndiyo iliyowakinga.

Mwenye maradhi ya moyo, kisunzungu au maumivu ya magoti hana budi kumwona daktari kwanza. Sakafu iwe kavu na viatu viwe imara, visivyonasa mguu unapogeuka. Asiyeweza kusimama huweza kucheza akiwa kitini, akitumia mikono na nyayo.

Nchini Kenya, wazo la kuunganishwa na ngoma si geni. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, ambavyo wanachama wake walicheza kwa safu na kusaidiana katika arusi na matanga.

Isitoshe, Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii. Klabu ya namna hii haihitaji gharama kubwa. Ukumbi wa kanisa au wa chifu, spika moja, nyimbo za rhumba au benga, na mtu mmoja anayezijua hatua na mwenye subira ya kuzirudia, vyatosha kuianzisha.