Nguo ya Kufunga na Nguo ya Kukata: Ushonaji wa Nyumbani Kirando na Mwambao wa Ufipa

Mavazi ya binadamu ni ya namna mbili. Iko nguo ya kufunga, yaani ile itokayo kwa mfumaji au dukani ikiwa kipande kizima, ikazungushwa mwilini na kukazwa kwa fundo au kwa kukunjwa; na iko nguo ya kukata, ambayo sharti ipitiwe na mkasi na sindano kabla ya kuvaliwa. Nguo ya kufunga haimwulizi mtu kimo chake, bali ya kukata humwuliza. Mwanamke mwenye umbo dogo, aliye mfupi na mwembamba, hakuwa na shida ya mavazi katika zama za nguo ya kufunga. Shida yake ilianza gauni lilipoingia nchini, na ndipo ulipozaliwa ufundi wa kuitatua. Historia ya ufundi huo haijaandikwa sana, kwa kuwa ulifanywa nyumbani na wanawake, nao hawakuweka daftari.

Mwambao wa Ufipa ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili. Kirando ni mji wa wavuvi na wachuuzi kando ya Ziwa Tanganyika, katika wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa. Nyuma yake ardhi yapanda mpaka uwanda wa juu wa Ufipa, na mbele yake, ng'ambo ya maji, ni Kongo. Hapo zimekutana nguo za njia tatu: zilizofumwa Ufipa kwenyewe, zilizoletwa na misafara ya pwani, na zilizovuka ziwa.

Wafipa walikuwa wafumaji kabla ya misafara kuzoeleka. Pamba ililimwa, ikasokotwa uzi, ikafumwa juu ya mtambo uliolazwa karibu na ardhi. Nguo iliyopatikana ilikuwa nene na nzito, nyeupe, aghalabu yenye mistari myeusi, nayo ilistahimili kazi na baridi ya uwandani kuliko nguo nyepesi ya kigeni. Pamoja nayo zilivaliwa ngozi na magome ya miti. Katika sehemu nyingi za nchi hizi kufuma kulikuwa kazi ya wanaume. Upana wa nguo uliamuliwa na upana wa mtambo, wala si na mwili wa mvaaji. Naye aliyekuwa mfupi alikunja, aliyekuwa mrefu akaacha.

Kutoka pwani zilikuja kaniki na merikani. Merikani, kama jina lake lionyeshavyo, ilitoka Marekani, na biashara yake ilistawi Unguja baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na serikali ya nchi ile. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, toka 1861 hadi 1865, viliipunguza, na baadaye viwanda vya Bombay vikatwaa sehemu kubwa ya soko, lakini jina likabaki. Nguo hizo zilipimwa kwa viungo vya mwili. Mikono minne ilifanya shuka moja, na shuka mbili zilifanya doti. Mkono ni toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na mikono ya watu si sawa. Mnunuzi mwenye mkono mfupi akipima kwa mkono wake mwenyewe hujipunja. Basi hata katika zama za nguo ya kufunga kipimo kilikuwa na nguvu zake, ila nguvu hizo zilikuwa sokoni, hazijafika mwilini.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 ikatokea kanga, ambayo ni nguo ya kufunga iliyo kamili kuliko zote. Ina mji, pindo na jina. Kimo chake ni karibu sentimeta 110. Mwanamke wa kimo cha sentimeta 150 ana kwapa lililo karibu sentimeta 110 kutoka ardhini, kwa hiyo kanga akiifunga kifuani bila kukunja itafagia njia. Yeye huikunja juu, si chini, ili pindo na jina vibaki mahali pa kuonekana. Kanuni hii ya kupunguza juu na kuacha chini itarudi tena katika habari za gauni, kwa kuwa ndiyo siri ya kumshonea mtu mfupi.

Nguo ya kukata ilifika mwambao kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni kanzu ya watu wa pwani. Kanzu hukatwa, lakini kwa upole. Ina badani mbele na nyuma, taharizi za kuongeza upana ubavuni, vikwapa vya kuupa mkono nafasi, na kaba ya kuimarisha shingo. Vipande vyake karibu vyote ni vya mistari iliyonyoka, wala haina kiuno. Mtu akiwa mfupi hupunguziwa urefu, na kazi imekwisha.

Mlango wa pili ni misheni. Mapadri Weupe walifika Karema, kaskazini ya Kirando, mwaka 1885, wakaipokea ngome iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879. Walikusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakafungua vituo vingine mwambaoni, Kirando ikiwa mmojawapo. Kabla ya karne ile kwisha wakaja Masista Weupe, na mwanzoni mwa karne ya 20 shirika la masista wa Kiafrika likaanzia Karema. Kushona kulikuwa sehemu ya mafunzo ya wasichana. Lakini mahali penye watoto wengi na nguo chache haiwezekani kumkatia kila mmoja kwa mwili wake. Hukatwa vipimo vichache, na kila mtoto hupewa kilicho karibu naye. Hivyo msichana mdogo wa umbo hujifunza mapema kwamba yuko kipimo kilichokuwapo kabla yake, na kwamba yeye ndiye asiyekifikia.

Lugha yenyewe yashuhudia mpangilio huu. Kushona, sindano, uzi na pindo ni maneno ya Kibantu, kwani watu walishona ngozi na mikeka kabla ya kuona kitambaa cha ng'ambo. Mkasi umetoka Kiarabu. Darizi, kastabani na cherehani zina asili ya Kiajemi, zikaja na mafundi wa bahari ya Hindi. Gauni, sketi na blauzi ni za Kiingereza. Anayeyapanga maneno haya kwa utaratibu ataona njia ya nguo ya kukata tangu pwani hadi ziwani.

Ufumaji wa Ufipa haukufa kwa siku moja. Umbali wa nchi uliulinda, maana nguo ya kigeni iliyobebwa na wapagazi kutoka pwani ilifika ikiwa ghali. Kodi ya vibanda, iliyoanzishwa na Wadachi mwaka 1898, iliwalazimisha watu kutafuta fedha, na baadaye vijana wengi wa Ufipa wakaenda manamba katika mashamba ya mkonge. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Meli iliyoitwa kwanza Graf von Goetzen, ikazamishwa mwaka 1916 na kuopolewa mwaka 1924, ilianza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba, nayo kwa miaka mingi ilitia nanga Kirando. Mzigo wa nguo haukuhitaji tena mabega ya watu. Mtambo wa kufuma ukanyamaza, na cherehani ikaanza kusikika.

Cherehani, hasa ile ya Singer, ilikaa kwanza katika baraza za maduka na mikononi mwa mafundi wanaume. Mwanamke alinunua kitambaa ndani, akakitoa nje, akapimwa na fundi asiye jamaa yake. Hapo palikuwa na ugumu wa heshima. Fundi mwenye adabu hakumgusa mwanamke kifuani wala nyongani, alikisia kwa macho; na makisio hayo humdhulumu zaidi mwenye umbo lisilo la kawaida. Ushonaji wa nyumbani ulipata nguvu kwa sababu hiyo kama ulivyopata kwa sababu ya bei. Shangazi au dada aweza kuzungusha tepu, au kamba yenye mafundo, bila aibu.

Katika miaka ya 1950 Idara ya Maendeleo ya Jamii ya Tanganyika ilieneza vilabu vya wanawake, ambavyo kushona, kupika na kutunza watoto vilikuwa masomo yake makubwa. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioundwa mwaka 1962, uliendeleza mafunzo ya namna hiyo. Wako waliolaumu kwamba mwanamke mkulima alifundishwa kudarizi vitambaa vya meza asivyokuwa na meza ya kuvitandika. Lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo, aliyejifunza kudarizi alijifunza pia kupima, na kupima kukatoka katika klabu kukaingia nyumbani.

Sasa yafaa kueleza ufundi wenyewe. Gauni la kizungu hutofautiana na kanzu kwa kuwa lina kiuno, na kiuno kina mahali pake. Mshonaji asiyejua huchukua gauni la mtu wa kimo cha kawaida, akalikata chini, akadhani amemtosheleza mfupi. Tuseme kutoka bega hadi kiuno gauni lina sentimeta 40, na mvaaji ana 36. Sehemu nyembamba ya gauni itashuka sentimeta nne na kukaa juu ya nyonga. Kwa kuwa haiwezi kupita hapo, itapanda, na kitambaa kitajikusanya mgongoni. Tundu la mkono litakuwa refu mno, na mvaaji akiinua mkono gauni zima litamfuata. Mabega nayo yatadondoka. Kukata pindo hakukuondoa hata kosa moja kati ya haya.

Mshonaji ajuaye hugawa upungufu. Hupunguza kidogo baina ya bega na kwapa, kidogo baina ya kwapa na kiuno, na kinachobaki baina ya kiuno na pindo. Huanza begani, kwa kuwa nguo yote huning'inia hapo. Bega likikosewa, hakuna mshono wa chini utakaoliponya. Kitambaa cha pamba hukiloweka na kukianika kwanza, kisije kikaruka baada ya gauni kwisha. Hukata kielelezo cha gazeti kuukuu. Kisha hupiga bandi, yaani mshono mrefu wa muda, na kumvika mwenyewe gauni likiwa limegeuzwa nje ndani. Mvaaji huambiwa aketi, ainame, ainue mikono kama atwikaye ndoo kichwani, kwa maana mwanamke wa Kirando hatavaa gauni lake akiwa amesimama tu. Palipobana hufunguliwa, palipolegea hubanwa kwa mikunjo midogo inayochongoka kuelekea kifuani au nyongani. Hapo ndipo cherehani huanza kazi.

Kitambaa nacho kina hila zake. Kitenge chenye ua kubwa kikikatwa ovyo humezwa na mwili mdogo: nusu ya ua hubaki kwapani, nusu nyingine nyongani. Mshonaji huchagua ua moja likae mahali pake, au huchagua chapa ndogo. Marinda mengi na mapana humfanya mfupi aonekane kama amefungashwa. Machache na membamba humfaa. Ndani ya mishono ya ubavu huachwa nafasi, maana msichana atakua, na mke atachukua mimba.

Uhuru ulileta viwanda. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vingine vikafuata. Lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika nchini kote, na nguo ilipatikana kwa mgawo au kwa magendo. Wakati huo aliyejua kushona alifumua gauni kuukuu, akageuza upande usiochujuka, akamkatia binti. Tangu katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa, mitumba ikamiminika, na watu wakaiita kafa Ulaya. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuiondoa hatua kwa hatua, lakini nyingi ziliacha azimio hilo.

Mtumba ni rahisi, nao umewavika wengi, haifai kuudharau. Lakini umekuja na namba shingoni, na namba hizo zina historia. Mwaka 1939 na 1940 wizara ya kilimo ya Marekani ilipima wanawake karibu 15,000 ili kupata vipimo vya viwandani, na katika hesabu ya mwisho zilitumika takwimu za wanawake weupe peke yao. Juu ya msingi wa namna hiyo zilijengwa saizi za baadaye. Mwanamke mdogo wa Kirando akijaribu gauni mnadani na kuambiwa kwamba yeye ni mfupi mno, haambiwi habari za mwili wake. Anaambiwa habari za miili iliyopimwa mbali, bila yeye kuwamo.

Ndiyo sababu ufundi wa nyumbani haupaswi kuhesabiwa kuwa jambo dogo la jikoni. Ni elimu ya vipimo ambayo chanzo chake ni mtu aliye mbele ya mshonaji. Elimu hiyo imo katika vidole vya wazee, na maneno yake yaanza kupotea: kijana ajuaye saizi zote za dukani aweza asijue taharizi, kikwapa wala bandi ni kitu gani. Wanafunzi wa lugha na wa historia wana kazi hapa. Maneno hayo yakusanywe Kirando, Karema na Sumbawanga, pamoja na kazi ya kila kimoja. Gauni kuukuu zifumuliwe na kuchorwa. Na wasichana wafundishwe kupima kabla ya kufundishwa kuchagua. Atakayejua kupunguza juu na kuacha chini hatauonea haya mwili wake kwa sababu ya gauni lililokatiwa mtu mwingine.