Vifaa vya mshipi
Vifaa vya mshipi ni zana za kuvulia samaki kwa mkono. Katika pwani ya Afrika Mashariki huenea ndani ya ndoo moja ndogo. Anayeanza huhitaji mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kibao au chupa, ndoana, chubwi za risasi, kisu na chambo. Ngisi ni chambo kizuri, kwani nyama yake ngumu haichomoki upesi. Kinachowachanganya wengi ni ndoana: namba 10 ni ndogo kuliko namba 4, lakini baada ya 1 hesabu hugeuka, na 4/0 huizidi 1/0 kwa ukubwa. Kwa samaki aina ya changu, ndogo hutosha. Nguru hukata nailoni kwa meno, hivyo hutegewa kwa kipande cha waya. Ndoana na chubwi za akiba ni lazima, maana miamba huzila.