Songwe, Amaan na Moroni: Nani Anaitwa Taifa Uwanjani?

Mtu anayetoka kwetu Ngonga kuelekea Kasumulu hahitaji ramani ili ajue Tanzania inaishia wapi. Mto Songwe unamwambia. Ng'ambo ni Karonga, nako wapo Wangonde, ambao lugha yao na Kinyakyusa chetu zinasikilizana kiasi kwamba mama wa Kyela akienda msibani upande ule hahitaji mkalimani. Mpaka huo hawakuuweka wazee wetu wala wazee wao. Uliwekwa tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilipotia saini mkataba ambao wanahistoria huuita Mkataba wa Heligoland na Zanzibar. Kwa karatasi hiyo hiyo, Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza, ikapokea kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini, na mipaka ya makoloni yao ikafikishwa hadi mdomo wa Songwe ziwani Nyasa.

Leo ndugu zetu wa ng'ambo wana timu ya taifa inayotambuliwa na FIFA. Zanzibar haina. Kejeli ya historia ni kwamba Zanzibar ilipokelewa Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 1963, miezi kadhaa kabla Malawi haijapata uhuru wake Julai 1964. Aprili mwaka huo Muungano ukazaliwa, na kiti cha Zanzibar kikaingia ndani ya kiti cha Tanzania.

Swali la nani ahesabiwe kuwa taifa michezoni limenirudia nikifuatilia mchezo ambao wengi wetu huku hatuuchezi: raga ya wachezaji 13. Kwa miongo mingi mechi zake kubwa za kimataifa zilikuwa mali ya Australia, New Zealand na Uingereza, wakikutana wao kwa wao mpaka watazamaji wakachoka. Mwaka 2017 Jason Taumalolo, aliyekuwa amekwisha kuichezea New Zealand, na Andrew Fifita wa Australia walichagua kuichezea Tonga, nchi ya asili yao yenye watu wapatao laki moja. Kanuni za mchezo ziliwaruhusu. Tonga ikaifunga New Zealand 28 kwa 22 katika Kombe la Dunia, na mwaka 2019 ikaiangusha Australia. Miaka mitatu baadaye Samoa ikafika fainali ya dunia. Mchezo uliokuwa unadumaa ulipata uhai kutoka kwa wale waliokuwa wakialikwa kujaza nafasi.

Nasi tuna historia yetu ya jambo hili, tena ni kongwe kuliko ile ya Pasifiki. Mwaka 1926 kampuni ya sabuni ya Gossage ilitoa kombe lililoshindaniwa na Kenya na Uganda. Kwa karibu miaka ishirini ilikuwa ni nchi hizo mbili tu. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949. Baadaye kombe hilo likawa Chalenji, na kuanzia 1973 likaendeshwa na CECAFA, likiwa limewafungulia mlango hata majirani zetu wa Songwe. Malawi ikalitwaa mara mbili mfululizo, 1978 na 1979, kisha tena 1988. Zanzibar ilichukua ubingwa 1995. Mashindano yaliyoanza kama tangazo la sabuni yalijenga jumuiya ya soka kwa sababu yaliwapa wadogo ratiba, yaani mechi za kweli, za kila mara, dhidi ya wakubwa.

Mwaka 2017 ndio uliobeba matumaini makubwa, na huzuni kubwa. Mwezi Machi, katika mkutano mkuu wa CAF jijini Addis Ababa, Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa 55. Mwezi Julai, mjini Rabat, CAF hiyo hiyo ikaufuta uanachama huo, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne! Desemba yake Zanzibar Heroes, chini ya kocha Hemed Suleiman "Morocco", walikwenda Kenya kwenye Chalenji, wakawafunga Tanzania Bara 2-1, wakawatoa Uganda waliokuwa mabingwa watetezi, na kupoteza fainali dhidi ya wenyeji kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya 2-2.

Hoja ya "nchi moja, chama kimoja" si ya kudharauliwa. Lakini wanaoitoa wanapaswa kueleza kwa nini England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina viti vinne. Kwa nini Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Ufalme wa Denmark, ni mwanachama tangu 1988. Na kwa nini Gibraltar iliingia FIFA mwaka 2016 baada ya mvutano uliofika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Wengine waliwahi kuingia kabla kanuni hazijakazwa. Hayo ni maelezo, si haki. Na kwetu sisi kuna jambo ambalo watumishi wa umma wanalijua vizuri: michezo haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Tuna baraza la michezo la Bara na la Zanzibar, tuna TFF na ZFF, ila mlango wa FIFA ni mmoja, nao uko TFF.

Tazama sasa kusini mwa bahari yetu. Komoro, nchi ya Wangazija ambao Unguja imeishi nao vizazi na vizazi, ilijiunga na FIFA mwaka 2005. Timu yake ilijengwa kwa kiasi kikubwa na vijana waliozaliwa au kulelewa Ufaransa, kama Tonga ilivyojengwa na vijana wa Auckland na Sydney. Kombe la Mataifa ya Afrika lilipoongezwa kutoka timu 16 hadi 24, nafasi ikapatikana. Januari 2022 Komoro ikaifunga Ghana 3-2, kisha ikacheza na wenyeji Cameroon ikiwa na beki, Chaker Alhadhur, aliyesimamishwa golini kwa kukosekana kipa. Ilifungwa 2-1 tu. Sina hakika kwamba Komoro ina vipaji kuliko Unguja na Pemba. Ina kiti.

Nisieleweke vibaya. Kiti peke yake hakijengi ligi ya nyumbani, na mkono wa mkubwa haukosi masharti: Desemba 2024 Australia iliahidi dola milioni 600 za nchi hiyo kwa miaka kumi ili Papua New Guinea ipate timu katika ligi yake ya raga, na hakuna aliyeficha kwamba hofu ya China ilikuwa mezani.

Kwa Zanzibar, hata ratiba imepungua, kwani tangu 2019 Chalenji ya wakubwa imekosa mpangilio wa kutegemewa. Wachezaji wake bora, kama Feisal Salum aliyekuwa katika kikosi cha 2017, wanaitumikia Taifa Stars, na Morocco mwenyewe alikabidhiwa benchi la Stars katikati ya fainali za Afrika Januari 2024. Bara tunapokea bila kusita. Basi TFF inaweza, bila kusubiri Zürich wala Cairo, kutangaza hadharani mgawo wa ZFF katika fedha za FIFA, na kuiwekea Zanzibar mechi za kila mwaka. Wazanzibari wenyewe wameshaanza: Januari 2025 waligeuza Kombe la Mapinduzi kuwa la timu za taifa, wakalipeleka Gombani, Pemba, wakaifunga Burkina Faso katika fainali.