Kupona na Kurejea: Habari za Wagonjwa wa Pwani ya Kilwa na Lindi

Mwenye kuandika habari za tiba katika pwani yetu ya kusini aghalabu huanza na majengo, akataja mwaka wa kuwekwa msingi na idadi ya vitanda, kisha akamtukuza tabibu wa kwanza. Lakini mgonjwa atokapo langoni, yu hai ila hana nguvu za kubeba ndoo wala kushika jembe, hapo kalamu husita kana kwamba habari imekwisha, ilhali kwa mgonjwa na jamaa zake ndiyo kwanza inaanza. Dai langu ni kuwa, katika Kilwa na Lindi, kuponywa na kurejea katika kujitegemea vimekuwa kazi mbili mbalimbali, zenye mafundi mbalimbali, na hii ya pili imekaa dahari mikononi mwa watu ambao hakuna daftari lililowaandika.

Katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ilipokuwa bandari kuu ya kusafirishia watumwa waliotoka upande wa Ziwa Nyasa, siha ya mtu ilikuwa na bei, na aliyelegea njiani aliachwa papo hapo, kwa kuwa msafara haukungoja. Mwaka 1870 kipindupindu kilichokuwa kimeishika Unguja kilifika Kilwa pia, na tabibu James Christie, aliyekuwako Unguja siku zile, akaieleza balaa hiyo katika kitabu chake cha 1876. Muungwana aliyenusurika na maradhi mazito alikuwa na nyumba ya kurudia, na ndani yake bibi au shangazi ajuaye kuchua viungo kwa mafuta ya ufuta, kukanda kwa maji ya moto, kumnywesha uji mwepesi na kumtembeza uani akishika ukuta, leo hatua tatu, kesho mpaka kizingitini. Mtumwa hakuwa na haki ya kupona polepole. Na hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa dhuluma kubwa kuliko kukosa dawa, maana dawa za kweli wakati ule hata bwana wake hakuwa nazo.

Wamisionari Wabenedikto, baada ya vituo vyao vya Nyangao na Lukuledi kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, walianzisha Ndanda mwaka 1906, kando ya njia itokayo Lindi kwenda Masasi, na mwaka 1927 akafika huko Sista Thekla Stinnesbeck, mtawa aliyekuwa pia daktari. Karibu na Ndanda, mahali paitwapo Mwena, palikuwa na makazi ya wenye ukoma, na katika ukoma tofauti ya zile kazi mbili ilidhihiri kuliko katika maradhi mengine yote. Ukoma huua hisi: mkono hausikii moto wa sufuria, unyayo hausikii mwiba, na jeraha lisilouma husahauliwa mpaka kidole kikaliwa. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa sindano za mafuta ya chaulmoogra, zenye maumivu mengi na faida haba. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja dawa ya dapsone, na tangu miaka ya 1980 dawa mchanganyiko, na vimelea wakashindwa. Lakini kidole kilichopinda hakikunyooshwa na kidonge. Aliyepona alihitaji kujifunza upya kuishi na mwili wake: ashike sufuria kwa kitambaa, avae katambuga hata uani, akague nyayo kila jioni kama nahodha akaguavyo mbao za chombo kabla ya safari. Na hata akiyajua hayo yote, bado palikuwa na sinia: je, nduguze watakula naye sahani moja? Ndiyo maana katika vijiji vya namna hiyo, hapa nchini na kwingineko, wengi waliopona hawakuondoka, nami siwalaumu. Humo mtu alilima shamba lake, akajenga, akaoa, akasalimiwa kwa jina lake, ambapo kwao angelishwa pembeni.

Katika kifua kikuu mambo yalikwenda kinyume, yaani hospitali ilijifunza kumwachia mgonjwa. Tabibu Leader Stirling, Mwingereza aliyefika upande wa Masasi mwaka 1935 akatumikia Lulindi na kisha Mnero, Nachingwea, alikuwa Waziri wa Afya tangu 1975 hadi 1980, na katika muda wake, mwaka 1977, ukaanzishwa Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma kwa ushauri wa Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu. Kwa utaratibu uliokuzwa humo, mgonjwa alilazwa kwa miezi 2 ya mwanzo, akamalizia dawa kwao, kwenye zahanati iliyo jirani. Na tangu 2006 akapewa hiari ya kumeza dawa zote nyumbani, chini ya uangalizi wa msimamizi aliyemchagua mwenyewe. Shangazi wa Kivinje, naam, akaingia daftarini hatimaye.

Ilibaki shida ya njia. Kabla ya Daraja la Mkapa, lenye mita 970, kufunguliwa mwaka 2003, aliyetoka hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kurudi Kilwa alivuka mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika barabara ilikatika. Aliyetakiwa arudi kuangaliwa mguu alipima kwanza mvua na nauli.

Na si wagonjwa tu waliohitaji kurejea, hata majeruhi: mwaka 2005 wataalamu walichapisha hesabu kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao katika wilaya za kusini mashariki, baadhi wakiwa vibandani wakilinda mazao dhidi ya nguruwe mwitu. Waliokufa na waliojeruhiwa wamehesabiwa, lakini kati ya hao waliojeruhiwa, nani alirudi kulima na nani alilishwa na mkewe, hesabu haisemi. Sheria nayo imejaribu kuwasaidia wanaobaki na ulemavu: ile ya 1982 iliwataka waajiri wakubwa watenge nafasi 2 katika kila 100 kwa wenye ulemavu, ile ya 2010 ikapandisha kiwango hadi 3, na siku hizi halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani iwe mikopo kwao. Katika wilaya ambazo mapato hayo hutegemea ufuta na korosho, fungu hilo hupanda na kushuka pamoja na bei ya mnada, na mwenye mguu mmoja wa Kilwa anayetaka mtaji wa genge hana budi kusikiliza bei ya ufuta kama mkulima mwingine yeyote.