Meli Iliyozama Mara Mbili

Wavuvi wa ziwa Tanganika hawana haraka ya kukigeuza kuni chombo cha zamani. Mashua ikianza kuvuja, huvutwa nchi kavu na kupinduliwa. Mbao zilizooza hung'olewa, na nyingine hupigwa mahali pake. Mianya huzibwa kwa pamba na mafuta, ndiyo kazi iitwayo kalafati. Kisha watu huitana, wakaisukuma majini tena. Ndiyo maana wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ndugu wasomaji, leo twataka kuwasimulia habari za chombo kilichofanyiwa kazi ya namna hiyo hiyo, lakini chenyewe ni kikubwa kuliko mashua zote za wavuvi. Ni meli ya chuma, au masua kama tusemavyo huku Kongo. Jina lake ni Liemba. Sisi wa Kampemba tunakaa mbali na ziwa, lakini wengi wetu tuna jamaa Kalemie na Moba. Tena, kama tutakavyoona, historia ya meli hii ilipita katika mji wetu wenyewe.

Meli hii iliundwa Udachi mwaka 1913, katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg. Urefu wake wazidi kidogo mita 70. Ilipokwisha kuundwa, ilifunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalivuka bahari mpaka Dar es Salaam, yakapakiwa katika gari la moshi mpaka Kigoma. Huko mafundi watatu Wadachi, mkubwa wao akiwa Anton Rüter, waliiunga upya pamoja na wafanyakazi wa Kihindi na wa Kiafrika. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa ziwani. Ilipewa jina la Graf von Goetzen, aliyekuwa gavana wa Wadachi katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika.

Wakati huo vita kuu vilikuwa vimekwisha kuanza. Wadachi walikuwa mabwana wa ziwa, na Wabelgiji upande wa Kongo hawakuwa na chombo cha kupambana nao. Basi Waingereza wakapeleka motaboti mbili ndogo za mbao, kila moja ya urefu wa mita 12 hivi. Majina yake yalikuwa Mimi na Toutou. Msomaji asidhani kwamba Mimi ni neno letu la Kiswahili. Ni majina ya Kifaransa ya kuchezea, kama mtoto anavyomwita paka na mbwa.

Motaboti hizo zilisafiri kwa gari la moshi kutoka Cape Town, na mwezi wa Julai 1915 zikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mji ulikuwa na umri wa miaka mitano tu. Reli ilikwenda mpaka Fungurume, ikaishia hapo. Kutoka Fungurume zilikokotwa kwa mashini za mvuke, na kwa ng'ombe, na kwa mikono ya watu, kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia. Watu wa nchi yetu walikata miti, wakafyeka njia na kujenga madaraja zaidi ya 100, hata motaboti zikapita. Kisha zikashuka mto Lualaba kutoka Bukama mpaka Kabalo, zikapanda tena gari la moshi mpaka Kalemie. Majina ya maofisa wa safari ile yameandikwa vitabuni; ya wale waliovuta kamba hayakuandikwa.

Tarehe 26 Desemba 1915 motaboti hizo ziliiteka meli ndogo ya Wadachi iitwayo Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Ikabaki ile kubwa. Mwezi wa Juni ndege za Wabelgiji zilidondosha mabomu Kigoma, na majeshi yao yalikuwa yakikaribia mji kwa miguu. Wadachi wakaona kwamba Kigoma haitashikika tena. Amri ikatolewa: meli izamishwe, adui asiipate.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Mafundi walioamriwa kuizamisha walikuwa wale wale walioiunda. Wangaliweza kuipasua kwa baruti, na amri ingalitimizwa vilevile. Hawakufanya hivyo. Walizipaka mashini zake grisi nzito, sehemu kwa sehemu, ili maji yasizile kwa kutu. Wakaijaza mchanga, nayo ikashuka taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Ilikuwa tarehe 26 Julai 1916. Walitumaini kwamba siku moja itainuliwa, ingawa wakati ule hakuna aliyeweza kuwaambia ni nani atakayeiinua.

Wa kwanza kuiinua walikuwa Wabelgiji, baada ya kuiteka Kigoma. Waliitoa majini, wakaivuta mpaka bandarini. Lakini mwaka 1920 ilipigwa na dhoruba ingali imefungwa pale, ikazama mara ya pili. Mtu mwingine angesema: Basi, chombo hiki kina mkosi, kiacheni.

Mwaka 1921 Kigoma ikawa mikononi mwa Waingereza, nao wakaianza kazi upya. Kuinua meli si kuivuta tu kwa kamba. Meli iliyozama imejaa maji na tope, na uzito wake ni mwingi mno. Lazima tope liondolewe, matundu yazibwe, na maji yatolewe mpaka chombo kipate wepesi wa kuelea. Tarehe 16 Machi 1924 ikatokea juu ya maji. Mafundi wakaingia ndani kutazama, wakakuta kwamba mashini na boila, zilizokwisha kukaa majini miaka mingi, zingali zafaa. Grisi ya Rüter na wenzake ilikuwa imefanya kazi yake.

Matengenezo yalichukua miaka mitatu. Tarehe 16 Mei 1927 meli ikaanza tena kazi, ikiwa na jina jipya: Liemba. Ndilo jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa kusini mwake mwaka 1867. Basi jina la gavana likaondoka, na jina la wenyeji likakaa.

Tangu hapo iliwahudumia watu kwa miaka mingi. Ilishuka kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, nchi ya Zambia. Mahali pengi pasipokuwa na gati, mitumbwi ilikwenda kuilaki majini, ikipokea abiria, magunia ya dagaa na bidhaa za maduka. Katika miaka ya 1970 mashini za mvuke ziliondolewa, ikatiwa za dizeli. Mwaka 1997 iliwarudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 iliwachukua maelfu ya Warundi waliokimbilia Kagunga, ikawafikisha Kigoma. Na katika miaka ya karibuni uzee uliishika tena, hata ikabidi isimame kwa ajili ya matengenezo makubwa.

Tufikiri kidogo. Mafundi watatu walipaka grisi mwaka 1916 kwa faida ya taifa lao. Kumbe walikuwa wakiwawekea akiba Wabelgiji, kisha Waingereza, kisha Watanzania, na mwishowe mama wa Kikongo aliyepanda na watoto wake mwaka 1997 ili arudi kwao. Hawakumjua, wala yeye hakuwajua. Lakini kama wangalitumia baruti, mama yule asingaliikuta Liemba.

Sisi wa Lubumbashi tumeyaona ya kinyume. Mwezi wa Oktoba 1991 maduka na maghala ya mji wetu yaliporwa. Kisha, katika miaka migumu iliyofuata, mashini nyingi zilizosimama zilifunguliwa usiku na kuuzwa kama chuma kikuukuu. Aliyeng'oa alipata chakula cha siku chache, na hatuwahukumu wenye njaa. Lakini mashini iliyong'olewa moyo wake hairudi kazini, hata akija fundi hodari namna gani.

Kila mtu siku moja huacha kazi aliyokuwa akiifanya. Fundi huacha karakana, mwalimu huacha shule, mwenye cherehani huiacha kwa sababu ya macho. Basi, kabla ya kuondoka, tuipake grisi: funguo zikabidhiwe, daftari ziandikwe vizuri, vyombo vifunikwe visipate mvua, na kijana mmoja aonyeshwe jinsi kazi inavyokwenda. Atakayekuja kuinua pengine si mtoto wetu, pengine hata si rafiki yetu. Hata hivyo, akute kinachoinulika.