Korona ya Babu

Machi 2020, redio ilipotangaza kwamba korona imeingia nchini, babu yangu alikuwa amekaa barazani kwake Maramba, anachambua kunde kwenye ungo. Aliinua kichwa.

"Imeingia?" akauliza. "Mbona korona ipo tangu Mjerumani?"

Tulicheka mpaka bibi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Asiyetoka Tanga huenda asione kichekesho. Kwenye mashamba ya mkonge, korona ni mashine inayolitenganisha jani na singa zake. Jani hubanwa katikati, likapitishwa kwenye ngoma kubwa yenye visu butu inayozunguka kwa kasi. Ngoma ya kwanza husafisha nusu ya jani, ya pili nusu iliyobaki. Maji hutiririka muda wote. Nyama ya jani husagika na kwenda na maji, na upande wa pili hutoka singa ndefu, mbichi, tayari kwenda kuanikwa. Jina lilitoka kwenye mashine zenyewe: kampuni ya Krupp ya Ujerumani iliziuza kwa jina la Corona.

Kauli ya babu ilinirudia baadaye, nilipoanza kusoma ripoti za enzi ya Mwingereza kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Humo hakuna korona. Kuna neno decortication, karibu kila ukurasa. Limetokana na neno la Kilatini cortex, yaani gome. Maana yake ya asili ni kuambua gome. Madaktari wa upasuaji hulitumia wanapoondoa utando mgumu ulioganda juu ya pafu. Wafanyabiashara wa nafaka na mbegu hulitumia kwa karanga zilizobambuliwa. Kwa mkonge neno hili halikai sawasawa, maana singa hazijafichwa chini ya gome. Zimelala ndani ya nyama ya jani, kuanzia shinani hadi kwenye mwiba, na kinachoondolewa ni karibu jani zima. Katika kila kilo 100 za majani, singa ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki, ripoti huziita taka.

Kiswahili hakina uhaba wa vitenzi vya kutenganisha. Mahindi tunayapukuchua, mpunga tunaukoboa, muhogo tunaumenya, nazi tunaifua, pumba tunazipepeta. Kila kitenzi kinakijua kitu chake. Siku hizi magazeti huandika "kuchakata mkonge", kitenzi kilekile kinachotumika kwa samaki, taka na takwimu. Wafanyakazi wa mashambani hawakuhangaika kutafuta kitenzi. Walichukua jina la mashine, wakaliita jengo lake hivyo hivyo, na kazi yake pia. "Mimi nilikuwa korona," babu husema, na kila mzee wa Maramba anaelewa.

Mkonge wenyewe ulikuja mwaka 1893. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za singa. Takwimu hizo utazipata kwa urahisi. Kazi ni kuwapata watu.

Watu walitoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuajiri vibarua, SILABU, iliyowafuata vijana hadi Kigoma, Songea na kwingineko. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kila mmoja alipewa pia kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopangiwa haikuhesabiwa, na mshahara ulisubiri kadi ijae.

Babu alitoka Buha, mkoani Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nilipomuuliza alikaa miaka mingapi kabla ya kufikiria kurudi, alinyamaza kidogo.

"Sikuwa nahesabu miaka, mjukuu wangu. Nilikuwa nahesabu vipande."

Aliniambia habari za kifo cha mama yake alizipata kwa kijana mgeni aliyeletwa shambani, karibu mwaka mzima baada ya mazishi. Siku hiyo alikwenda kazini kama kawaida, kwa sababu kipande kilikuwa kimebakiza siku nne. Hakurudi tena Buha. Baba yangu alizaliwa kambini, hajui Kiha zaidi ya salamu, na mimi hata salamu sijui.

Hapo ndipo tasnifu yangu ilipoanza kunisumbua. Naiandika kwa Kiingereza, lakini mahojiano yote ni ya Kiswahili. Mzee akisema korona, mimi huandika decortication. Akisema maji ya mkonge yalimwasha mikono hadi usiku akashindwa kulala, sentensi yangu husema wafanyakazi wa kitengo hicho walikuwa na malalamiko ya ngozi. Nikisoma nilichoandika, naona singa safi, ndefu, zilizonyooka, na najua nyama imekwenda na maji.

Sidai kwamba neno la Kiingereza lina kosa. Mhandisi analihitaji, na ripoti zilikusudiwa kuhesabu singa. Lakini hata taka ina habari yake: mwaka 2008 huko Hale, wilayani Korogwe, ulizinduliwa mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki yaleyale yaliyokuwa yakitupwa. Mwanahistoria naye anaweza kurudi kwenye lundo.

Nimeamua kuacha korona, kipande na manamba kama yalivyo ndani ya tasnifu, na kuyaeleza mara moja mwanzoni. Msimamizi wangu ameniuliza msomaji wa nje ataelewaje. Nimemjibu kwamba ataelewa kama manamba walivyoelewa, kwa kukaa nalo.

Likizo iliyopita nilimweleza babu jambo hili lote. Alitaka kulisikia hilo neno la kwenye vitabu. Nikalitamka polepole, akalirudia, likamshinda katikati, akajaribu tena. Kisha akaviangalia viganja vyake.

"Na hilo la kwao," akauliza, "linawasha?"